KUKU KWENYE SHAMBA LA USHARIKA: WALIPEWA AU WALIAZIMWA?



Katika ziara zetu za ufuatiliaji wa miradi robo mwaka hii, swali lililotufuata kutoka mtaa mmoja hadi mwingine lilihusu ardhi zaidi ya chanjo au soko. Sharika nyingi zimegawa shamba la kanisa vipande vipande ili waumini, hasa wajane na vijana wasio na shamba, wapate mahali pa kulima mchicha, maharage na mahindi. Wengi wa waliopata vipande hivyo sasa wameongeza kuku. Jambo hili ni jema na tunaliunga mkono. Lakini kuku ana miguu. Mchicha hukaa kwenye tuta ulipopandwa. Kuku huvuka mpaka kabla jua halijapanda, na kamati ya usharika huitwa kuamua ugomvi ambao haijui ina mamlaka gani ya kuuamua.

Makala hii ni kwa ajili ya kamati hizo. Ni kwa ajili ya wafadhili wetu pia, ambao huuliza, tena kwa haki kabisa, kwa nini fedha za mabanda huchelewa kutolewa wakati kikundi kimekwisha kuandaa miti na kufyatua tofali.

MGOGORO WA KIKUNDI KIMOJA

Tutaeleza habari za kikundi kimoja bila kukitaja jina, kwa kuwa shauri lake bado halijaisha. Akina mama wa kikundi hiki walipata vipande upande wa chini wa shamba la mtaa wao, karibu na kisima. Walijenga banda, wakaliezeka kwa bati, wakaanza na mitetea wa kienyeji na majogoo 2. Mwaka wa kwanza mayai yalipata wateja, wakiwamo walimu wa shule ya jirani. Mwaka wa pili wenye vipande vya juu walianza kulalamika kwamba kuku wanaparua matuta na kula mbegu kabla hazijaota. Walipiga hodi kwa mwinjilisti, kisha kwa mzee wa mtaa. Siku moja kuku 3 walikutwa wamekufa. Kikundi kilisema ni sumu, majirani wakasema ni mdondo. Mizoga ilifukiwa siku hiyo hiyo bila afisa mifugo kuitwa, kwa hiyo mpaka leo kila upande unaamini unachoamini.

Wazee waliamua kuku wote waondolewe ndani ya siku 14. Kikundi kilijibu kwamba hakiondoki, kwa sababu "tulipewa". Wakati mambo yakiwa hapo, wakajitokeza watoto wa marehemu mzee aliyetoa shamba lile miaka ya 1980. Wao wanasema baba yao aliazima eneo kwa ajili ya nyumba ya ibada, hakulitoa kwa ufugaji, na kwa kuwa matumizi yamebadilika wanalitaka lirudi.

Tazameni jinsi neno moja linavyofanya kazi hapa. Akina mama wanasema walipewa na usharika. Usharika unasema uliwaazima. Usharika nao unasema ulipewa na marehemu. Familia inasema iliazima. Hakuna karatasi hata moja katika madai yote manne. Na hakuna aliyesema uongo, kwa maana katika vijiji vyetu mtu humwambia jirani yake "nimekupa kipande kile ulime", na wote wawili wanaelewa kwamba ni mpaka mavuno. Neno ni lile lile ambalo baba hulitumia anapomrithisha mwanawe. Waliokuwapo siku neno lilipotamkwa walijua maana yake. Miaka 40 baadaye wengi wao wamelala makaburini, na neno limebaki peke yake.

JINA LILILO KWENYE HATI

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tulichonacho sisi ni haki ya kuikalia na kuitumia. Haki hiyo inaongozwa na sheria mbili za mwaka 1999, yaani Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kwa hiyo kabla kamati haijagawa kipande kimoja, ijiulize kwanza: shamba letu liko katika ardhi ya kijiji, au liko mjini na lina hati?

Kama hati ipo, someni jina lililoandikwa. Mara nyingi hamtakuta jina la usharika. Mtakuta jina la Wadhamini Waliosajiliwa, kwa sababu usharika wenyewe si mtu mbele ya sheria. Wanaoweza kumiliki mali na kushtaki au kushtakiwa ni wadhamini waliosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318. Hili linawashangaza wazee wengi wa kanisa, ambao wamelitunza shamba kwa jembe na kwa ulinzi miaka yote bila kumwona mdhamini hata mmoja. Lakini matokeo yake ni makubwa. Kamati inayotia sahihi mkataba wa miaka 10 na kikundi cha kuku inatoa kitu ambacho haimiliki. Ruhusa ya kulima msimu mmoja ni jambo la utaratibu wa ndani wa usharika. Jengo la kudumu lenye msingi wa saruji, au upangishaji wa miaka mingi, hauna budi kupita kwa wadhamini. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya fedha kuchelewa.

Kama hati haipo na shamba liko kijijini, msikate tamaa. Sheria inaitambua haki ya kimila hata pale ambapo cheti cha hakimiliki ya kimila hakijatolewa; cheti ni ushahidi, na kukosa ushahidi huo hakumaanishi kukosa haki. Ugumu ni kwamba kanisa ni taasisi, si mwanakijiji, na ardhi ya kijiji inapohamishwa kwenda kwa asiye mwanakijiji kibali cha Halmashauri ya Kijiji kinatakiwa. Mtafuteni mtendaji wa kijiji, ombeni kuonyeshwa mihtasari ya miaka hiyo. Wakati mwingine mstari mmoja katika daftari lililochakaa, unaosema kijiji kimekubali mzee fulani atoe eneo kwa kanisa, una nguvu kuliko hotuba ya saa nzima.

MIAKA 12

Katika vikao karibu vyote yupo mtu atakayesema, "Akikaa miaka 12 linakuwa lake." Maneno haya yamewafanya wazee kuogopa kumpa mtu kipande, na yamewafanya baadhi ya wenye vipande kukaa kimya wakihesabu miaka. Ni kweli kwamba Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa anayedai kurudishiwa ardhi miaka 12 ya kufungua shauri. Lakini mahakama zetu zimesema mara kwa mara kwamba aliyeingia kwa ruhusa, yaani mwalikwa, hawi mmiliki dhidi ya aliyemkaribisha kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Aliyekaribishwa kufuga kuku 20 leo atakuwa mwalikwa hata baada ya miaka 15.

Msumeno huu hukata pande zote mbili. Kama marehemu alilipa kanisa shamba lile, basi watoto wake wamechelewa sana. Kama aliliazima, basi kanisa nalo ni mwalikwa, na miaka 40 ya ibada haibadilishi hilo peke yake. Kwa maana hiyo shauri zima linategemea kujibu kama lilitolewa au liliazimwa, na jibu linategemea mashahidi waliobaki. Tunazishauri kamati zote zenye shamba la namna hii ziwafuate wazee waliokuwapo, sasa hivi, wakiwa bado na kumbukumbu, waandike maelezo yao na kutia sahihi au dole gumba mbele ya mwenye mamlaka ya kushuhudia viapo.

Neno moja kuhusu akina mama. Katika mgogoro tuliousimulia, mmoja wa waliosema alitoa hoja kwamba wanawake wale si wenyeji wa ukoo wowote pale, hivyo hawana sauti juu ya ardhi. Hoja hiyo haina mahali pa kusimama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki halali ya kuwa na ardhi au kuitumia. Ruhusa yao ijadiliwe kama ruhusa ya mtu mwingine yeyote.

NANI AAMUE?

Wazee wa kanisa wanaweza kupatanisha, na kwa maoni yetu wanapatanisha vizuri kuliko wengi. Lakini uamuzi wao kuhusu nani mwenye haki ya ardhi haumfungi mtu asiyeukubali. Kijijini lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, na angalau 3 wawe wanawake. Kazi yake nayo ni usuluhishi.

Juu yake lipo Baraza la Kata, na hapa pana badiliko ambalo kamati nyingi hazijalipata. Zamani baraza hili lilikuwa likisikiliza mashauri madogo ya ardhi na kutoa uamuzi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halina tena mamlaka hayo. Linasuluhisha tu, na ikishindikana ndani ya siku 30 mdai anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tumekuta kijitabu cha mafunzo cha zamani kikiendelea kutumika katika semina za sharika, kikieleza utaratibu wa kabla ya hapo. Kitolewe.

Kikundi chetu kilikwenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Suala la kuku lilipata suluhu kwa muda wa asubuhi moja: kuku watafungiwa wakati wa kupanda mpaka miche ishike, jogoo mmoja atauzwa, na wenye vipande vya juu watachukua samadi kutoka bandani bila malipo. Hili la samadi ndilo lililolainisha mioyo. Mwenye bustani anayejua kwamba mbolea yake inatoka kwa kuku wa jirani hawatazami tena kwa jicho lile lile. (Isitumike mbichi, itaunguza mboga. Irundikwe na majani makavu mpaka ioze iwe mboji.) Suala la shamba lenyewe halikupata suluhu na limepelekwa kwa wadhamini pamoja na maelezo ya wazee 2 waliopatikana.

FAINI YA KUKU

Baadhi ya mitaa imepitisha azimio la faini kwa kila kuku anayekutwa kwenye kipande cha mwingine. Tuseme wazi kwamba azimio la kanisa si sheria ndogo. Sheria ndogo ya kijiji hutungwa na Halmashauri ya Kijiji, hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na huidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Faini ya usharika inamfunga mtu kwa sababu tu alikubali kwa sahihi yake alipopokea kipande. Kama hakusaini, kumkamatia kuku wake na kumchinja ni kujitafutia kesi. Kumwekea sumu ni kosa la jinai, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili wa namna hiyo. Mjini, ombeni kwa afisa mtendaji nakala ya sheria ndogo za halmashauri kuhusu mifugo na usafi kabla ya kununua hata wavu. Msiridhike na "nadhani inaruhusiwa".

Wafadhili wetu wa ng'ambo wasidhani mambo haya ni ya kwetu peke yetu. Katika England na Wales, ambako watu hukodi vipande vya bustani za pamoja, sheria ya mwaka 1950 inampa mwenye kipande haki ya kufuga kuku majike na sungura kwa matumizi yake mwenyewe, si kwa biashara, hata kama mkataba wake wa kukodi unakataza. Jogoo hakutajwa katika haki hiyo, na ufugaji wenyewe usiwe kero wala hatari kwa afya. Haki imeandikwa, na bado majirani hugombana juu ya neno "kero". Tena tangu tarehe 1 Oktoba 2024 anayefuga hata kuku mmoja huko anapaswa kumwandikisha, kwa ajili ya kudhibiti mafua ya ndege. Ujerumani, sheria ya bustani ndogo ya mwaka 1983 ilipofika upande wa mashariki baada ya nchi kuungana mwaka 1990, ililazimika kuacha wafugaji wa wanyama wadogo waendelee pale walipokuwa wamezoea, mradi wasiwasumbue wenzao kupita kiasi.

MDONDO HAUJUI MPAKA

Mngeweza kuuliza kwa nini tusiwaambie watu wafugie nyumbani kwao. Wengi wao hawana uwanja. Na kuku ndiyo mali ambayo mama anaweza kuiuza leo kwa ajili ya daftari la mtoto au nauli ya hospitali bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini kuna sababu nyingine ya kuwaweka wafugaji pamoja, nayo ni chanjo.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kumaliza kuku wote wa shamba kwa siku chache, na hauna tiba. Chanjo ya I-2 inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, ndiyo maana inafaa vijijini. Mbegu yake ya asili ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na hapa nchini inatengenezwa chanjo hiyo hiyo kwa ajili ya wafugaji wadogo. Ni tone 1 katika jicho 1, kila baada ya miezi 3, kuanzia kifaranga hadi jogoo mzee. Chupa moja inatosha kuku wengi sana, kuliko kuku 6 wa mama mmoja, na ikishafunguliwa haikai. Mfugaji aliye peke yake hununua chupa nzima na kumwaga iliyobaki, au, kama ilivyo kawaida, hanunui kabisa. Wafugaji 15 katika shamba moja huchanga fedha kidogo kidogo, hufungia kuku usiku, na alfajiri huchanja wote kwa siku moja. Asiyechanja kuku wake anawahatarisha wa wenzake, kwa hiyo chanjo iwe sharti la kukaa na kuku shambani. Tunaliona sharti hili kuwa muhimu kuliko faini zote.

KUKU WA MFADHILI NI WA NANI?

Swali la kupewa au kuazimwa halikuishia kwenye ardhi. Kuku wengi wa miradi yetu hutolewa kwa utaratibu wa "kopa kuku, lipa kuku". Mama hupokea mitetea 5 na jogoo, na vifaranga wake wakikua hurudisha idadi ile ile ili apewe mwingine anayesubiri. Sasa mdondo ukipita kabla hajarudisha, je, anadaiwa? Tumesikia majibu mawili tofauti katika kikundi kimoja, kutoka kwa mwenyekiti na kutoka kwa mweka hazina. Mjane mmoja aliyepoteza kuku wote aliacha kuhudhuria vikao kwa sababu aliamini ana deni, kumbe mwenyekiti alikuwa amekwisha kumsamehe moyoni na hakumwambia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa hata msamaha ulihitaji daftari.

Msimamo wetu ni kwamba aliyechanja kwa tarehe zake, na kadi ya chanjo inaonyesha hivyo, hadaiwi kuku waliokufa kwa ugonjwa. Asiyechanja anadaiwa. Kikundi kinaweza kuamua vinginevyo, mradi kiandike kabla ya kuku wa kwanza kukabidhiwa.

Banda nalo lina swali lake. Usharika ukilihitaji shamba kwa ujenzi wa darasa la chekechea, bati ni la nani? Mbao je? Tumeona mabanda yakibomolewa usiku kwa kuwa mwenye bati aliogopa kwamba asubuhi atazuiwa. Tunashauri mabanda ya kuhamishika pale ambapo haki ya ardhi haijathibitika, yaani fremu ya mbao, wavu na bati zinazofunguliwa kwa spana, bila msingi wa saruji. Hayadumu kama ya tofali, lakini mwenye mali anaondoka na mali yake.

KWA KAMATI ZINAZOOMBA FEDHA ZA MABANDA

Kuanzia robo mwaka ijayo, maombi ya banda la kudumu yaje na nakala ya hati au cheti cha hakimiliki ya kimila, pamoja na barua ya wadhamini. Kama hakuna hati, leteni muhtasari wa kijiji au maelezo ya mashahidi, nasi tutafadhili banda la kuhamishika wakati mengine yakishughulikiwa. Makubaliano kati ya usharika na kila mwenye kipande yataje kama kipande kimetolewa au kimeazimwa, kwa muda gani, notisi ni miezi mingapi, kuku hufungiwa lini, na vifaa vya banda ni vya nani. Yasomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya kutiwa sahihi, kwa maana wapo wasiosoma na hawatasema. Nakala moja abaki nayo mwenye kipande nyumbani kwake, nyingine ikae ofisi ya usharika, ya tatu ije kwetu. Fomu ya mfano, ya kurasa 2, inapatikana ofisi ya miradi ya dayosisi na kwa wakuu wa majimbo.

Mitaa iliyo katika zamu ya chanjo ya mwezi ujao ikumbuke kufungia kuku jioni ya siku inayotangulia.